Vigong'ota wa Arabuko-Sokoke: anza na kifua, si kichwa

Ndugu uliyeuliza kama kigong'ota mwenye utosi mwekundu na yule asiye na wekundu wowote, uliowaona siku moja katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, ni dume na jike wa aina moja: kwa maelezo yako, si lazima. Nimekuwa nikiingia msitu huo kwa upande wa Gede kwa miaka mingi, na ninaokutana nao mara kwa mara ni wa aina tatu.

Karibu kila mgeni huanza kutazama kichwa, nami nilifanya hivyo hivyo miaka yangu ya mwanzo, ilhali wekundu wa kichwani hueleza zaidi jinsia kuliko aina. Jike wa kigong'ota wa Mombasa na jike wa kigong'ota mgongo-kijani wote wana wekundu kisogoni tu, na kwenye kivuli cha miti ya mirihi (Brachystegia) ni rahisi kuwachanganya. Tazama kifua: wa Mombasa ana michirizi myeusi, naye mgongo-kijani ana madoa ya mviringo, tena shavuni hana mstari kama sharubu alio nao wa Mombasa.

Tofauti hiyo niliielewa asubuhi moja, mgongo-kijani alipotua hatua chache kutoka niliposimama, kwenye kiota cha sisimizi wa mtini. Alijiegemeza kwa mkia wake mgumu, vidole viwili mbele na viwili nyuma vimekamata gome, akawa anadonoa taratibu na kulamba, bila kishindo chochote, hata nikayahesabu madoa ya kifuani. Ndiyo maana anayesubiri kusikia mti ukigongwa huwakosa wengi.

Wa tatu ni kigong'ota kardinali, mdogo, wa sentimita 15 hivi, mwenye sauti nyembamba ya haraka, apendaye vijitawi vikavu, na humpata hata mashambani nje ya msitu. Jike wake ana kisogo cheusi kabisa. Huenda huyo ndiye uliyemwona asiye na wekundu.

Nawasihi wenyeji na wageni wasiione miti iliyokauka kuwa kuni tu, kwa kuwa humo ndimo vigong'ota huchimba matundu ya kutagia, ambayo baadaye kwenzi huyarithi. Kigong'ota wa Mombasa anapatikana kuanzia kusini mwa Somalia hadi kaskazini-mashariki mwa Tanzania tu, na msitu huu wa kilomita za mraba 420 hivi ni miongoni mwa makao yake makubwa yaliyobaki pwani ya Kenya.