Kitasa cha Geti Kisiamriwe Kutoka Nje ya Ukuta

SWALI: Ndugu Mshauri, nyumba yetu iko Ipuli, Manispaa ya Tabora, na kutoka getini hadi sebuleni ni kama mita 40. Mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua, ndiye anayeshinda nyumbani, na kila mgeni anayebisha hodi anamlazimu kuvuka uwanja mzima ili akafungue. Fundi ameshauri tuweke simu ya getini yenye kamera na vitufe vya namba ya siri. Anasema waya wa kawaida wa simu utatosha kwa kila kitu, na kwamba kitasa cha umeme kitaunganishwa moja kwa moja kwenye kisanduku cha nje. Nahofia siku umeme unapokatika, au LUKU inapoisha wakati sipo. Je, nikubaliane naye?
Msomaji, Tabora

JIBU: Ndugu yangu, simu ya getini mwekeeni mama bila kusita, lakini waya huo msiukubali, na mahali pa kuunganishia kitasa msipakubali kabisa.

Waya wa simu wenye kipenyo cha nusu milimita una ukinzani wa karibu omu 0.09 kwa kila mita. Kwa kuwa umeme huenda na kurudi, mita 40 zako ni mita 80 za shaba, yaani takriban omu 7. Kitasa kinachovuta nusu ampea kitapoteza volti 3.5 njiani, na kati ya volti 12 zilizotoka ndani, zitakazofika getini ni 8.5. Kitanguruma bila kuachia, kisha mtaambiwa kwamba kitasa ni kibovu na mnunue kingine. Waya wa milimita mraba 1.5 kwa umbali huohuo hupoteza takriban nusu volti tu. Waya mwembamba ubaki kwa sauti na picha, na kitasa kipewe nyaya zake nene. Vipo vitasa vinavyovuta zaidi ya ampea moja wakati wa kufungua, kwa hiyo someni maandishi yaliyo juu ya kitasa kabla ya kwenda dukani kununua waya.

Linalonisumbua zaidi ni hilo la kisanduku cha nje. Ndani ya visanduku vingi vya bei nafuu mna relei, yaani swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye kitasa mara namba ya siri inapokubaliwa. Relei hiyo ikikaa upande wa barabarani, mwizi hana haja ya kuijua namba yenu: atafungua skrubu mbili, atakiweka kisanduku kando, atagusanisha nyaya mbili, na geti litafunguka kana kwamba amekaribishwa. Mwambieni fundi atafute mfumo ambao kisanduku cha nje kinapeleka namba tu, na relei inayoamua kufungua imefungwa sebuleni. Nyaya za kitasa zipite upande wa ndani wa ukuta hadi kwenye nguzo ya geti, zisionekane nje hata kidogo. Kwa maoni yangu, mfumo usiowezesha jambo hili ni kengele ya bei ghali.

Kuhusu umeme kukatika, chagueni aina ya kitasa kwa makini. Kufuli ya sumaku hushika pale tu inapopata umeme, hivyo LUKU ikiisha usiku geti litabaki wazi. Tena hula karibu nusu ampea saa zote, mchana na usiku. Kitasa kinachohitaji umeme wakati wa kufungua pekee ndicho kinachofaa geti lenu, maana umeme ukikosekana hubaki kimefungwa na ufunguo wa kawaida huendelea kukifungua. Kwa ndani kiwe na mkono wa kuzungusha, ili mama asifungiwe moto ukizuka. Ongezeni betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 pamoja na chaja yake: mfumo ukivuta ampea 0.2 unaposubiri, betri hiyo kwa hesabu ya karatasini ni saa 35, ingawa mimi ningeitegemea kwa nusu ya muda huo.

Kebo ndefu iliyofukiwa uwanjani hupokea msukumo wa radi hata radi isipoipiga yenyewe, na mvua za Tabora, zinazoanza mwezi wa Novemba hadi Aprili, haziji kimya. Fungeni kizuia msukumo wa radi mahali kebo inapoingia nyumbani, kiunganishwe na waya wa ethi ulio mzima. Bomba la kebo hii lisichanganywe na lile la umeme wa volti 230, la sivyo mtasikia mvumo kwenye simu. Kisanduku cha nje kizibwe kwa silikoni juu na pembeni, lakini chini kiachwe wazi ili maji yaliyopenya yapate pa kutokea. Kamera isitazame magharibi, kwani jua la jioni litawafanya wageni wote wawe vivuli.

Neno moja la pembeni: mchagulieni mama kifaa chenye mkono wa simu na kitufe kimoja kikubwa. Vioo vya kugusa hutupendeza sisi watoto kuliko wazazi wetu.

SWALI: Nina wapangaji wanne katika nyumba yangu ya Mwanga, Kigoma, na wote wanatumia namba moja ya geti. Mmoja amehama. Nifanye nini?
Mwenye nyumba, Kigoma

JIBU: Badilisha namba hiyo leo, kisha mpe kila mpangaji namba yake, ili anayehama afutwe peke yake bila kuwasumbua wengine. Badilisha pia namba kuu iliyotoka kiwandani, kwa sababu imechapishwa katika kijitabu ambacho yeyote hukipata kwenye intaneti. Mwisho, vitazame vitufe vyenyewe. Namba ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000, lakini vitufe vinne vikishalika kwa kubonyezwa, anayevichunguza hubakiwa na michanganyiko 24 ya kujaribu, na hiyo ni kazi ya dakika chache. Tumia tarakimu sita, weka mfumo ujifunge baada ya majaribio matatu yaliyokosewa, na vipanguse vitufe mara kwa mara.