Kukadiria au kukisia? Na "vipimo" vya nini?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Nyegezi, Mwanza. Naandika ikisiri ya Kiswahili ya tasnifu yangu kuhusu kupanda na kushuka kwa maji ya Ziwa Victoria, pamoja na kupanda kule kwa mwaka 2020, kwa uchanganuzi usio wa mstari (nonlinear kwa Kiingereza). Niliandika "kukadiria vipimo vya upachikaji". Mwenzangu kafuta "kukadiria" kaweka "kukisia", anasema ni mamoja. Nani yuko sahihi? Na "vipimo" hapo imekaa sawa?

JIBU: Dada, rudisha "kukadiria". Kinachonisumbua mimi ni "vipimo".

Mchuuzi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba akiinua sangara kwa mkono na kusema "huyu kilo nne" kabla ya mizani, amekisia. Mchuuzi huyohuyo akienda kulipa kodi hakisiwi, anakadiriwa: mauzo yanaangaliwa, kuna viwango, kuna hesabu, na asiporidhika anaweza kuuliza imefikiwaje. Kukisia ni kazi ya jicho na uzoefu. Kukadiria kuna njia ambayo mtu mwingine akiifuata atafika palepale, au jirani na hapo.

Yako ni ipi? Tuitazame kazi yenyewe. Una safu moja tu ya namba: usawa wa maji siku kwa siku. Unachukua namba ya leo, ya siku kadhaa nyuma, na ya siku nyingine kadhaa nyuma zaidi, zote tatu zinakuwa nukta moja. Floris Takens, mwanahisabati wa Uholanzi, alithibitisha mwaka 1981 kwamba kwa kupanga namba za nyuma hivyo, safu moja inaweza kurudisha umbo la mfumo mzima, mradi kila nukta iwe na namba za kutosha. Kupanga huko ndiko upachikaji. Ngapi zinatosha kwa kila nukta? Idadi hiyo ndiyo uliyoiita "vipimo vya upachikaji", na hapo ndipo penye kukadiria. Mwaka 1992 Kennel, Brown na Abarbanel walitoa njia inayotumika hadi leo. Wavu ukiwa umerundikwa, mafundo mawili hugusana, lakini ukiutandaza unakuta yalikuwa mbali kabisa. Nukta zako nazo, zikiwa na namba chache mno, huonekana ziko karibu wakati ziko mbali: hao ndio majirani wa uongo. Basi unaongeza namba moja kwa kila nukta, unahesabu majirani wangapi wametengana ghafla, unaongeza tena, mpaka asilimia yao ikaribie sifuri. Unasimama.

Chukua mfumo wa Lorenz wa mwaka 1963, milinganyo mitatu ya mwendo wa hewa inayopashwa joto, ambao umbo lake lina dimensheni 2.06 hivi (mstari una 1, karatasi bapa ina 2). Nadharia inakudhamini ukifika namba 5 kwa kila nukta, ilhali njia ya majirani husimama kwenye 3. Namba iliyopatikana hivyo haikukisiwa. Mwenzako ana chembe ya hoja, nakubali: kizingiti cha kusema "hawa wametengana" anakichagua mtafiti, na data zenye kelele nyingi, yaani makosa madogomadogo ya usomaji, huwafanya majirani wa uongo wasiishe. Lakini kizingiti hicho unakiandika kwenye tasnifu, na asiyekubaliana nacho anaweza kukibadilisha akarudia hesabu. Mchuuzi wa sangara haandiki.

Sasa "vipimo". Neno hili limebebeshwa mno. Ubao wenye alama unaosomewa maji ni kipimo, na namba inayosomwa hapo nayo ni kipimo. Mgonjwa naye anakwenda Hospitali ya Bugando kufanya vipimo. Katika tasnifu yako maana mbili za kwanza zitajitokeza karibu kila ukurasa, kwa hiyo msomaji akikutana na "vipimo vya upachikaji" atadhani umekwenda kupachika vyombo ziwani. Tena wingi wenyewe unapotosha, maana unatafuta namba moja. Andika "dimensheni". Inakaa ngeli ya I-/ZI- bila ugomvi: dimensheni hii, dimensheni hizi. Chunga tu kile ki-"ya" kidogo: "dimensheni tatu" ni idadi, "dimensheni ya tatu" ni moja tu iliyo nafasi ya tatu, na kwenye mada yako kuchanganya hayo kunageuza matokeo. Wapo watakaokushauri "pande". Kwa picha ya pande tatu, sawa. Umbo la pande 2.06 sijui utalichoraje.

"Upachikaji" uache. Watangazaji wa mpira wamekiteka kitenzi chake kwa kupachika mabao, lakini mshale bado unapachikwa kwenye upote, na wazo la kuweka kitu ndani ya kingine kikashika ndilo unalolihitaji. Ila umbo ambalo nukta zako zinalizunguka liite "atrakta". Ukiandika "kivutio", msomaji wa Mwanza atapanda boti kwenda kutalii Kisiwa cha Saanane.

Sentensi yako basi iwe: "kukadiria dimensheni ya upachikaji ya mfuatano wa usawa wa maji kwa njia ya majirani wa uongo". Nako "usio wa mstari" umepatia. Kuna wanaoandika "usio laini", na hiyo inafaa kwa ugali wa muhogo au simu isiyo na kadi.