Faini ya Part B inauma, ila miezi 6 ya Medigap ndo itakayokuliza

Tangu niandike kwamba nimepata bima yangu ya nyongeza (ndo hiyo Medigap), Plan G, juu ya Medicare, bima ya serikali ya Marekani ya waliofika miaka 65, bila kuulizwa swali hata moja la afya, meseji hazikatiki. Asanteni kwa hongera wapendwa, nimefurahi kweli. Ila kuna moja imenikaa rohoni. Dada mmoja wa Indiana ananiambia mume wake alifikisha 65 akiwa bado kazini, bima ya kampuni anayo, akaacha kazi Oktoba 2024, akapewa COBRA ya miezi 18, yaani kuendelea na ile bima ya kampuni baada ya kuacha kazi, wakajua bima ipo hakuna shida. Mwezi Aprili mwaka huu COBRA ikaisha, wamekwenda ofisi ya Social Security, wale wa pensheni ya serikali, kuomba Part B, ile sehemu ya Medicare ya madaktari, wanaambiwa warudi Januari. Ananiuliza, "Mama, ina maana tumeshakosa kila kitu?"

Hapana mdogo wangu, hamjakosa kila kitu. Ngoja nieleze kwa kirefu maana najua mko wengi, wengine mnaona aibu kuuliza.

Mimi nimetunza wazee hapa Texas miaka na miaka, nimewaogesha, nimewapikia, na barua zao za bima nimewasomea mimi maana watoto wako mbali. Kwa hiyo mwenyewe nilivyokaribia 65 nilikuwa najua ninachokitaka. Pensheni sijaanza kuchukua, nasubiri 67, na hapo watu wengi wanakwama: wanadhani serikali itawatumia kadi yenyewe. Inatumwa yenyewe kwa aliyeanza kuchukua hela ya Social Security kabla ya 65. Wewe ambaye hujaanza, hakuna wa kukuandikisha, lazima uombe mwenyewe, na una miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa, mwezi wenyewe, na mitatu baada. Niliingia onlaini siku za mwanzo mwanzo kabisa za hiyo miezi, nikaomba, kadi ikaja kwa posta. Kadi ya Medicare ni karatasi nyepesi tu, ina rangi nyekundu na bluu, na chini ina mistari miwili, mmoja wa hospitali ni Part A na mmoja wa madaktari ni Part B, kila mmoja na tarehe yake pembeni. Hiyo tarehe ya Part B, jamani, iangalieni vizuri. Watu wanaiweka kadi kwenye pochi bila hata kuisoma.

Maana siku hiyo ndo inaanza ile miezi 6 ya Medigap. Ni kama dirisha la usajili la Simba na Yanga, likifungwa limefungwa hata uwe na hela. Part B inalipa asilimia 80, asilimia 20 inayobaki ni yako na haina kikomo, haina. Medigap ndo inakuja kulipa hiyo 20. Ndani ya miezi 6 tangu uwe na Part B na una 65 au zaidi, kampuni yoyote inayouza Medigap kwenye jimbo lako haiwezi kukukatalia, uwe na sukari, presha, umepona kansa jana, na haiwezi kukupandishia bei kwa sababu ya ugonjwa. Fomu niliyojaza mimi ilikuwa na ukurasa mzima wa vibox vya ndiyo na hapana: unatumia insulini? unatumia oksijeni? umelazwa hospitali? umeambiwa ufanyiwe upasuaji bado hujafanya? Na juu yake pameandikwa kama uko ndani ya muda wako wa kujiandikisha, ruka ukurasa huu. Nikauruka. Nina presha na goti langu bovu mnalijua wote, na nikauruka.

Kaka yangu hakuruka. Yeye alipofika 65 alikuja mtu wetu kabisa, wa kanisani, anauza bima, akamwambia chukua Advantage, yaani Medicare kupitia kampuni binafsi badala ya ile ya kawaida, hulipi kitu kwa mwezi, meno juu yao, miwani juu yao, na kadi ya kununulia chakula unapewa. Nilimwambia kaka subiri kwanza, akasema mambo ya karatasi hayo, wewe unapenda kuogopa. Sisemi Advantage ni mbaya kwa kila mtu, kuna watu inawafaa na wanaishi nayo vizuri. Ila kuna kitu yule wakala hakumwambia, kwamba ukiingia Advantage mara ya kwanza ulipofika 65 una miezi 12 ya kujaribu, ukitoka ndani ya hiyo miezi unaruhusiwa kununua Medigap bila maswali. Miezi 12 ikapita yuko mzima, anafurahia miwani. Mwaka wa tatu figo zikaanza, daktari anayemtaka hayumo kwenye listi ya bima, akasema narudi Medicare ya kawaida. Kurudi wanaruhusu, kila mwaka kuanzia Oktoba 15 mpaka Desemba 7. Ila Medigap sasa wakamletea ule ukurasa wa maswali, akajibu ukweli, barua ikarudi fupi tu, hawawezi kumpokea. Yule wakala hapokei simu mpaka leo na Jumapili anakaa viti vya mbele. Mungu anamwona.

Na ndo maana nasema faini isiwatishe kuliko hili. Medigap haina faini ya kuchelewa, hakuna mtu atakuandikia asilimia ngapi, na watu wakisikia hakuna faini wanastarehe. Faini ni hela, utalipa utanung'unika utaishi. Kukataliwa ukiwa na figo mbovu ni kitu kingine kabisa. New York na Connecticut wao wananunua mwaka mzima bila kukataliwa, sheria zao ni tofauti, lakini Texas, Indiana, Ohio, sehemu nyingi tulikojazana sisi, ukichelewa unaulizwa maswali ya afya.

Sasa dada wa Indiana. COBRA haihesabiki kama bima ya mtu aliye kazini. Mume alipoacha kazi alikuwa na miezi 8 ya kuomba Part B bila faini, ilianza pale alipoacha kazi, haikusubiri COBRA iishe. Halafu mbaya zaidi, COBRA yenyewe ina haki ya kukataa kulipa ile sehemu ambayo Medicare ingelipa, kwa hiyo fungueni bili zote za huko nyuma mziangalie. Faini ya Part B ni asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyokaa bila, akijiandikisha Januari 2027 atakuwa na miaka miwili kamili na kidogo, hiyo ni asilimia 20. Kwa bei ya mwaka huu wa 2026, dola 202.90, ni kama dola 40 kila mwezi juu ya bei, na atalipa maisha yote akiwa na Part B. Usajili wa jumla ni Januari 1 mpaka Machi 31, aende Januari siku za kwanza kabisa maana bima inaanza mwezi unaofuata.

Lakini sikiliza. Medigap yake haijapita. Miezi 6 inahesabiwa tangu Part B ianze, na Part B haijaanza. Ikianza Februari, ana mpaka mwisho wa Julai, na hakuna wa kumuuliza afya. Umeona? Usilie tena. Na Part A kama amefanya kazi miaka 10 hailipiwi, aiombe leo, hawangoji Januari, na inarudi nyuma mpaka miezi 6. Akiwa na Part A anaweza kuchukua na Part D ya dawa, ila afanye haraka, ukikaa siku 63 mfululizo bila bima ya dawa inayokubalika faini inaanza kuhesabu, asilimia moja kwa kila mwezi wa bei ya msingi ya taifa, ambayo mwaka huu ni dola 38.99. Ukikaa miezi 24 ni kama dola 9.40 kila mwezi. Kuna mtu aliniambia yeye hanywi dawa yoyote ya nini kulipia. Ndugu yangu, una miaka 65, utakunywa.

Kama kipato ni kidogo ulizeni pia kuhusu msaada wa jimbo wa kulipiwa Part B, ukiupata faini ya Part B inafutwa. Na kila jimbo lina washauri wa mambo ya Medicare, wanaitwa SHIP, bure kabisa, hawauzi bima ya mtu. Nendeni huko kabla ya kumsikiliza anayekuja na peni mkononi.

Wakongo na Warundi mliopitia kambini mkaandikiwa kuzaliwa Januari 1, mjue aliyezaliwa tarehe 1 Medicare yake inaanza mwezi mmoja nyuma. Kwa hiyo ni Desemba 1, na miezi yenu 7 inaanza Septemba.

Wanaopenda kwenda nyumbani, Medicare hailipi Dar wala Mombasa. Plan G inasaidia dharura nje ya Marekani, asilimia 80 baada ya wewe kutoa dola 250, mwisho dola 50,000 kwa maisha yako yote, na dharura iwe imeanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari. Wale wa kukaa miezi mitatu kuanzia Krismasi, tafuteni bima ya safari. Na wa kurudi moja kwa moja, ukiiacha Part B ukakaa Tanga miaka 5 halafu ukarudi kwa matibabu, utasubiri Januari na unakutana na faini ya asilimia 50.