Kwa Makarani na Moderata Wapya wa Presbiteri: Nafasi Zisiishie Mezani Kwenu

Hongereni kwa kuchaguliwa. Najua wiki za kwanza ni za salamu, chai na makabidhiano, na katika makabidhiano watu hutilia mkazo muhuri, vitabu vya kumbukumbu na hesabu za benki. Kuna jambo ambalo halina faili lake, na kwa sababu hiyo mara nyingi halikabidhiwi: habari na nafasi zinazopita mikononi mwenu kuelekea makanisani. Nilihudumu kama karani wa presbiteri, yaani ngazi inayounganisha parishi kadhaa, katika PCEA, Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, nikiwa mzee wa kanisa, na hilo ndilo ninalotaka kuwaandikia. Nafasi ya masomo, semina, mwaliko wa mkutano wa makanisa, ziara ya wabia, ombi la maoni kutoka makao makuu, vyote huja kwa jina la presbiteri. Mwenyewe hasa ni yule mama wa kanisa la mwisho kabisa barabarani, ambaye hana habari kwamba kitu kama hicho kipo. Kazi yenu ni kuhakikisha kimemfikia angali na muda wa kukitumia.

Anzeni na tangazo lenyewe. Waraka huja ukiwa kurasa sita za Kiingereza cha ofisini, na tarehe ya mwisho imejificha ukurasa wa tano. Karani mwenye shughuli nyingi huutupa ulivyo kwenye kundi la WhatsApp la wachungaji, anaandika "tafadhali someni", kisha anahesabu kazi imekwisha. Hebu ufuateni safari yake. Mchungaji ana makanisa manne katika parishi yake, na Jumamosi ana mazishi. Anaupeleka kwa makarani wa makanisa. Huko kanisani karani ni mwalimu au mkulima. Anaufungua usiku, bando linakata faili likiwa nusu. Jumapili anasimama kusoma matangazo: harambee ya paa, mkutano wa Woman's Guild, ndoa inayotangazwa mara ya pili, kamati ya mazishi, halafu mwishoni, "kuna barua ya masomo kutoka presbiteri, anayetaka aniulize." Nani atauliza, na hakuna aliyeelewa ni masomo gani?

Someni waraka wenyewe mpaka mwisho, kisha mwuandike upya kwa Kiswahili, uwe mfupi kiasi cha kusomwa mbele ya kanisa kwa pumzi mbili. Kitu kama hiki:

"Nafasi ya masomo ya theolojia, mwaka mmoja, nje ya nchi. Anayefaa ni mchungaji au mzee mwenye shahada ya kwanza, anayeandika Kiingereza vizuri. Ada, nauli na malazi vinalipwa na wanaoalika. Paspoti ni juu yako. Barua ya kanisa utaipata presbiteri. Iombe kabla ya tarehe 10. Usipoelewa, nipigie simu jioni."

Angalieni lilivyotaja nani analipa nini. Watu wetu wengi huacha kuomba pale tu wanaposikia "nje ya nchi", wakidhani ada ni yao. Angalieni pia tarehe. Hiyo tarehe 10 si ya wanaoalika, ni ya kwenu, na iwe mapema kuliko ya kwao, maana mtahitaji siku za kusoma maombi, kuitisha kamati na kupiga muhuri. Waraka mzima mwuambatanishe kwa anayetaka undani. Na tangazo msilipitishe kwa mchungaji peke yake. Lipeni pia kwa viongozi wa vijana, wa akina mama na wa akina baba, kwa kuwa vikundi hivyo hukutana katikati ya juma na huko maswali huulizwa kwa uhuru zaidi.

Nimeandika "mchungaji au mzee" makusudi. Katika utaratibu wetu wa Kipresbiteri, mzee na mchungaji huketi presbiterini wakiwa na kura sawa. Hata hivyo, barua ikisema "viongozi wa kanisa", ofisi zetu husoma "wachungaji". Mwalimu mstaafu aliyekuwa mzee kwa muda mrefu, muuguzi wa Tumutumu au Chogoria anayeongoza kamati ya afya ya kanisa lake, kijana mhasibu aliyewekwa kuwa mzee juzi: hao wote ni viongozi wa kanisa. Mkiwa na shaka, mwulizeni mwalikaji. Mara nyingi atafurahi kupata mtu wa aina hiyo.

Sasa barua ya kanisa, na hapa ndipo nafasi nyingi hufia. Karibu kila taasisi ya kikanisa hutaka uthibitisho kwamba mwombaji ametumwa na kanisa lake. Taasisi ya Bossey huko Uswisi, iliyo chini ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, hutaka barua hiyo. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo kule Limuru, ambacho PCEA ni mmoja wa wenyewe pamoja na Waanglikana, Wamethodisti na wengine, kimezoea wanafunzi wa theolojia wanaoletwa na makanisa yao. Lakini presbiteri haiketi kila wiki, na nafasi huja ikiwa imebakiza wiki tatu. Mkingoja kikao, imepita. Mkiandika barua kimyakimya bila kikao, mtakuja kuulizwa kwa haki kabisa ni nani aliyewapa mamlaka. Dawa yake ni kuomba azimio katika kikao cha kwanza cha mwaka: kamati ndogo iidhinishwe kupitisha majina kati ya kikao na kikao, na kila jina liletwe kwenye kikao kinachofuata na kuingizwa katika kumbukumbu. Azimio la mistari mitatu tu, nanyi mnakuwa na amani mwaka mzima.

Waambieni watu wenu watayarishe hati kabla nafasi haijaja. Paspoti ya Kenya huombwa kupitia eCitizen, na balozi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi. Cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, nacho kina foleni yake. Mtu anayeanza kutafuta cheti cha kuzaliwa siku aliyopata mwaliko amechelewa. Na hati hizo zikifika kwenu, zitunzeni. Kuna ofisi ambapo nakala za vitambulisho vya waombaji zilizungushwa katika kundi la watu mia mbili ili "kamati iangalie". Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatuhusu sisi pia kanisani, na hata kama isingekuwepo, kitambulisho cha mtu ni amana.

Wekeni daftari la nani amekwenda wapi. Halihitaji programu ya kompyuta, kitabu cha mistari kinatosha: jina, kanisa, mwaka, nafasi, na kama alileta ripoti. Baada ya muda mfupi litawaonyesha jambo ambalo kila muumini analijua na hakuna anayelisema kikaoni, kwamba ni nyuso zile zile zinazokwenda. Mkutano wa Nairobi ni yeye, semina ya Mombasa ni yeye, wageni wakija ni yeye anayewapokea. Huenda ni mtu mwema na mwenye uwezo. Lakini presbiteri inayotuma mtu mmoja kila mara inamfundisha mtu mmoja. Daftari hukupa njia ya heshima ya kusema, "Mchungaji, wewe umetuwakilisha vizuri, mwaka huu tumtume mwingine," bila kuonekana una chuki naye.

Huwa namfikiria Nyambura Njoroge. Mwaka 1982 akawa mwanamke wa kwanza kuwekewa mikono kuwa mchungaji katika PCEA. Baadaye alipata shahada ya uzamivu Princeton, akafanya kazi katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni kule Geneva. Uwezo ulikuwa wake. Lakini mtu hajipi mwenyewe barua ya kanisa wala hajiwekei mikono. Lazima kuwe na vikao vilivyokubali, katika wakati ambapo wengi walikuwa hawajawahi kuona jambo hilo. Katika presbiteri yenu kuna msichana wa namna hiyo anayefundisha watoto shule ya Jumapili. Je, mnalijua jina lake?

Kuhusu wabia wa ng'ambo nitasema kwa uzito, kwa sababu hapa nafasi na mtego hufanana. Barua njema hufika: kanisa la Scotland, Marekani au Canada linataka udugu na presbiteri yenu, kutembeleana, labda kujenga kitu. Ipokeeni kwa furaha. Lakini kumbukeni sisi ni kanisa la "Jitegemea". Mwaka 1971, John Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu wetu, alisimama Milwaukee mbele ya Wakristo wa Marekani akawaambia kwamba wakati umefika wa kusitisha kutuma wamisionari na fedha, ili makanisa ya huku yajifunze kusimama. Mwaka 1974 Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote uliokutana Lusaka uliibeba hoja hiyo. Gatu hakuwa anakataa udugu. Alikuwa anadai udugu wa watu wazima. Mkutano Mkuu wa Presbyterian Church (USA), kanisa la Kipresbiteri la Marekani, hukutana kila baada ya miaka miwili na hualika wajumbe wa makanisa rafiki. Mkutano wa 2026 ulipangwa kuwa Milwaukee, mji ule ule. Atakayebahatika kutuwakilisha kwao aende akijua historia hiyo, asiende na orodha ya maombi.

Kwa hiyo kabla ya kukubali mradi, ulizeni: nani ataulipia umeme, mafuta na matengenezo wageni wakishaondoka? Sisi tunachangia nini? Nao watapata nini kutoka kwetu, maana tuna imani na uzoefu wa kuwapa? Fedha zipite akaunti ya presbiteri na zikaguliwe, hata kiasi kiwe kidogo namna gani na hata mfadhili mwenyewe aseme M-Pesa yako ni rahisi zaidi. Hapo msilegeze kamwe.

Mtaletewa pia mialiko ya uongo. Inakuja na nembo nzuri, mkutano wa kimataifa, hoteli imelipwa, inabaki tu "ada ya usajili" itumwe leo. Msijibu, wala msibonyeze namba iliyo ndani ya barua hiyo. Pigeni makao makuu, au tafuteni wenyewe anwani rasmi ya taasisi iliyotajwa. Mkithibitisha ni ulaghai, tangazeni makanisani kote, kwani barua iliyowafikia ninyi imefika pia kwa mchungaji kijana ambaye angekopa SACCO ili alipe.

Habari za uhamisho wa wachungaji zina kanuni moja: msizitamke mpaka barua iwe imefika mkononi mwa mhusika. Nimeona mke wa mchungaji akipata habari za uhamisho wa nyumba yake kutoka kwa muumini sokoni, watoto wakiwa katikati ya muhula. Hata mkisukumwa, na mtasukumwa, semeni tu kwamba ofisi itatoa barua.

Na mwisho, kalenda. Mkutano Mkuu wetu hukaa kila baada ya miaka 3. Uliopita ulikuwa 2024, unaofuata ni 2027. Hoja ya kanisa lolote hupanda ngazi: kikao cha wazee, parishi, presbiteri, ndipo ifike juu. Kila ngazi ina tarehe zake na kila ngazi inaweza kuirudisha ikarekebishwe. Kwa hiyo andikeni tarehe hizo zote kwenye karatasi moja, mkianzia ya juu mkirudi nyuma hadi kikao cha wazee, na kila karani wa kanisa apewe nakala yake mkononi, pamoja na namba yenu ya simu, zaidi ya mwaka mzima kabla ya Mkutano Mkuu.