Jirani anayeuguza: zamu kwanza, sukari baadaye

Ndugu uliyeuliza jumuiya yenu imfanyie nini dada anayemuuguza mama yake, ilhali mfuko wenu una shilingi 18,000 tu, naomba nikueleze jinsi sisi wa Morogoro tulivyokosea kabla ya kujifunza.

Jumuiya yetu ndogo ndogo, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, ina familia 11, na husali kila Jumamosi alfajiri kwa kuzunguka nyumba hadi nyumba. Mama mmoja wa mtaani alipopata kiharusi na kupooza upande mmoja, tulichanga, tukanunua sukari, unga na sabuni ya mche, tukaenda watu 14 kwa mara moja, tukaimba, tukasali, kisha tukakaa. Binti yake, anayeishi kwa kuuza vitumbua na ambaye hakuwa na mtu wa kumpokea, alitoka kwenda jikoni. Nilipomfuata kumpa pole nilimkuta akipanga vikombe vya kuazima na kutuchemshia chai kwa sukari ileile tuliyomletea. Pembeni, kiroba cha mkaa kilikuwa kimebaki vumbi.

Wiki iliyofuata nilikwenda peke yangu na kumuuliza kinachomlemea zaidi. Hakutaja fedha, alitaja usingizi. Alikuwa ameelekezwa kumgeuza mama kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya kulalia, na saa kumi na mbili asubuhi ilimbidi awe barabarani na vitumbua vyake, akimwacha mgonjwa peke yake hadi saa tatu.

Hapo ndipo tulipoanzisha zamu. Muuguzi wa zahanati alitufundisha kumlaza mgonjwa kwa ubavu, kumwekea mto katikati ya magoti na kumketisha wima wakati wa kula ili asipaliwe. Tulitenga daftari moja linalokaa nyumbani kwa mgonjwa, ambamo anayetoka zamu huandika saa aliyomgeuza, alichokula na kama amejisaidia. Wanaume tuliona haya mwanzoni, kwa kuwa kumsafisha mama wa watu si jambo letu kimila; tukapewa maji, kuni na zamu za usiku za kusaidia kumgeuza, akina mama wakabaki na usafi.

Wapo waliosema huko ni kuacha sala na kufanya kazi za hospitali. Niliwakumbusha kwamba maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuweka mkazo kwenye jumuiya hizi, hawakukusudia vikundi vya rozari pekee. Tena katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wale saba walichaguliwa kwa sababu waumini wa upande mmoja, wale waliosema Kigiriki, walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Huduma ile ilianzia kwenye manung'uniko ambayo mtu aliyasikiliza, ndiyo maana nakusihi umuulize dada huyo kabla hamjachanga hata senti.

Jambo jingine, msimtangaze. Katibu wetu alisoma kanisani jina la familia na orodha ya vitu tulivyotoa, na binti yule akakaa majuma mawili bila kuonekana Misani. Tulimwomba radhi, na tangu hapo matumizi husomwa bila majina.

Kwenu jiandaeni na Jumapili, maana ndiyo siku ngumu kuliko zote: kila mtu anataka Misa, na kwenye daftari letu mistari ya asubuhi hiyo ilikuwa tupu. Kwa Jumapili tatu mgonjwa aliangaliwa na jirani Mwislamu ambaye hatukuwahi kumwomba, na ambaye hakuwemo miongoni mwa wale 14 wa siku ya chai. Sasa tumegawana: waliosali Misa ya kwanza hupokea zamu, wengine wakaenda ya pili. Zile 18,000 zenu nunueni glavu, dawa ya kusafishia na mkaa.