Maswali ya Wasomaji: Nimeombewa, Mbona Hofu Haiondoki?

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali. Tumechagua nne na kuacha majina ya waandishi.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nina miaka 34, naimba kwaya. Tangu mwaka jana nashtuka saa nane usiku, moyo unakwenda mbio, mikono inakufa ganzi, naona kabisa kwamba nakufa. Presha nimepima, iko sawa. Nimeombewa mara tatu. Kiongozi mmoja wa maombi aliniambia Mungu hakutupa roho ya woga, kwa hiyo roho hiyo ninayo na imani yangu ni ndogo. Sasa hata mkesha naogopa kwenda. — Dada, Morogoro

JIBU: Amina, dada. Tuanze na mstari uliopigwa nao. Maneno ya 2 Timotheo 1:7 Paulo alimwandikia kijana ambaye tayari alikuwa mtumishi, na mstari unaotangulia unamhimiza aichochee karama aliyo nayo. Ni maneno ya kumwinua mtu. Anayeyageuza kuwa kipimo cha kutambua nani ana pepo anayatumia vibaya. Paulo huyohuyo anawaambia Wakorintho kwamba alikuwa kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi" (1 Wakorintho 2:3). Na pale Gethsemane, Marko hakuficha kwamba Bwana Yesu alifadhaika sana. Kuogopa si dhambi, na hakuna aliyepewa mamlaka ya kupima imani yako kwa mapigo ya moyo wako.

Unayoyaeleza yanafanana sana na shambulio la hofu. Mwili unajiandaa kukimbia hatari ambayo haipo: moyo unaongeza kasi, pumzi zinakuwa fupi na za haraka. Ukihema hivyo kwa dakika chache, hewa ya ukaa inapungua kwenye damu, na hiyo ndiyo inayoleta ganzi mikononi na midomoni pamoja na kizunguzungu. Kwa kawaida wimbi hupanda hadi kileleni kwa dakika kama 10, kisha hushuka lenyewe.

Likianza, kaa kitandani, miguu iguse sakafu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu kwa mdomo ukihesabu hadi 6, kwa muda wa dakika 5 hivi. Ukishapata mwendo, acha kuhesabu na uweke Zaburi 56:3 mahali pa hesabu: ukivuta, "Siku ya hofu yangu", ukitoa, "nitakutumaini Wewe." Tazama Daudi alivyopanga maneno. Anakiri hofu kwanza, halafu anatumaini. Neno "sitaogopa" linakuja katika mstari wa 4. Wengi wetu tunataka kuanza na mstari wa 4, tukishindwa tunajihukumu.

Mstari huo ujifunze mchana ukiwa umetulia, asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Anayeanza kufungua Biblia saa nane usiku huku anatetemeka hurukaruka kati ya mistari kumi na hakuna unaoshika. Kosa lingine la kawaida ni kukemea kwa sauti kubwa kwa nusu saa. Kukemea kuna mahali pake, lakini kupiga kelele kunaongeza kuhema, na kuhema kunaongeza ganzi, basi mtu anadhani adui amezidi nguvu. Sali kwa sauti ya chini.

Hospitali rudi, na usiseme "presha" tu. Eleza moyo kwenda mbio, ganzi na saa inapotokea. Omba wakuangalie wingi wa damu, sukari, homoni za tezi ya shingo na umeme wa moyo. Vikiwa sawa, ulizia mshauri wa afya ya akili. Tatizo hili linatibika. Chai ya rangi, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie saa nane mchana. Lakini ukipata maumivu mazito ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, au ukizimia, nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri wimbi lishuke.

Soma pia 1 Wafalme 19. Eliya alimkimbia Yezebeli, akalala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumkemea. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, Horebu, baada ya safari ya siku 40. Dada, usingizi na chakula vimo katika uponyaji wa Mungu, na mtu anayekesha usiku tatu kwa wiki huku hali chakula cha jioni anaidhoofisha silaha yake mwenyewe.

Na mkesha? Rudi, ila kwa ngazi. Mara ya kwanza kaa hadi saa nne usiku, karibu na mlango, pamoja na mwanakwaya mmoja uliyemweleza ukweli wote. Ndugu wa Uamsho, mwamko wa kiroho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 walizoea kufunguliana mioyo namna hiyo, wakakuita kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1:7. Jambo linalofichwa hukua. Mara ya pili kaa hadi saa sita, mara ya tatu hadi mwisho. Wimbi likija ukiwa humo ndani, usitoke likiwa kileleni. Ukitoka pale juu, mwili unajifunza kwamba kutoka ndiko kulikokuokoa, na safari ijayo utaogopa mapema zaidi. Kaa, pumua na mstari wako, lishuke, halafu ukitaka kutoka toka.

SWALI: Nimekuta mlangoni yai limefungwa kitambaa chekundu. Mama mkwe anataka twende kwa mtaalamu. Rafiki ananielekeza kwa mtumishi anayeuza mafuta ya upako shilingi 50,000. Watoto hawalali. — Baba wa watoto watatu, Kahama

JIBU: Ndugu, hatutakuambia kwamba nguvu za giza hazipo, Biblia yenyewe haisemi hivyo. Inasema zina Bwana aliye juu yake. Habari inayokufaa iko Hesabu 22 hadi 24. Balaki, mfalme wa Moabu, alimkodi Balaamu awalaani Waisraeli. Wakajenga madhabahu saba, mara tatu, milima mitatu. Waisraeli wenyewe wako chini bondeni, katika habari yote hiyo hawatajwi wakifanya lolote: hawakuchimbia kitu, hawakuajiri mtaalamu wa kupindua laana. Mungu aliwalinda, na Balaamu akakiri, "Hakika hapana uchawi juu ya Yakobo." Ulinzi wako haukutegemea wewe kuliona lile yai mapema.

Kwa hiyo liondoe mchana, kwa koleo, ulizike au ulichome mbali na watoto. Wakusanye nyumbani, someni Zaburi 27, ombeni dakika tano, kisha kila mtu aendelee na kazi yake. Mara moja inatosha. Ukisimama mlangoni kila usiku kunyunyiza na kukemea, unawafundisha watoto kwamba mlango ni mahali pa kutisha, na hofu yao itadumu kuliko hilo yai. Warudishie ratiba: saa ile ile ya kulala, taa ndogo, Zaburi 4:8 ikisemwa na wote. Habari za yai zisizungumzwe mbele yao. Wakiuliza, jibu kwa sentensi moja: mtu aliweka uchafu, baba ameutoa, Yesu anatulinda.

Kuhusu mafuta, Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Bei haikutajwa. Simoni mchawi alipotaka kutoa fedha apewe uwezo wa mitume, Petro alimkatalia kwa maneno makali sana (Matendo 8:20). Shilingi 50,000 zako zibaki nyumbani. Waite wazee wa usharika wako.

Jambo zito kuliko yote: usimtaje mtu. Huko kwenu Usukumani vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, wekundu ulioletwa na moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni. Jina ukilitamka kwa hasira mbele ya mama mkwe na majirani, huwezi kulirudisha. Ikiwa kuna mtu anayekutishia waziwazi, hiyo ni kazi ya mwenyekiti wa mtaa na polisi. Nehemia naye alipotishiwa aliomba, kisha akaweka walinzi mchana na usiku (Nehemia 4:9). Hakuona kwamba walinzi wanaipinga sala yake.

SWALI: Nina uvimbe kwenye titi, miezi mitatu sasa. Nafunga na kuomba. Naogopa kwenda kupimwa, na nahisi nikienda nitakuwa nimekosa imani. — Mama, Machakos

JIBU: Mama, nenda wiki hii. Vimbe nyingi za titi si saratani, lakini hakuna ajuaye yako ni ipi bila kipimo, na ikiwa ni saratani, kuchelewa kunapunguza nafasi ya kupona. Mfalme Hezekia aliomba akilia, Mungu akamwahidi miaka 15, na bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake (Isaya 38:21). Ahadi na dawa vilikuja pamoja.

Nenda na mtu, kwa sababu aliyeogopa husikia nusu ya anachoambiwa. Andika maswali kwenye karatasi: je, nifanyiwe picha ya ultrasaundi au ya eksirei ya titi? Je, kinyama kidogo kichukuliwe kipimwe? Majibu yatatoka lini, na nani atanieleza? Mfungo uache hadi vipimo viishe, ule kabla ya kwenda isipokuwa umeelekezwa vingine. Sala ya njiani iwe fupi. Petro alipoanza kuzama hakuwa na nafasi ya maneno mengi: "Bwana, niokoe" (Mathayo 14:30).

SWALI: Shikamooni. Nimechaguliwa kuongoza sala kwenye jumuiya. Nikisimama sauti inatetemeka na maneno yanapotea. Nijiuzulu? — Kijana, Iringa

JIBU: Marahaba, kijana wetu. Usijiuzulu bado. Musa alipojitetea kwamba ulimi wake ni mzito, Mungu hakumwondolea kazi. Alimpa Haruni awe msemaji wake (Kutoka 4:10-16). Nawe omba mwenzako mgawane: wiki mbili wewe usome Zaburi tu, yeye aombe. Kusoma kunazoesha sauti yako kusikika bila kutafuta maneno. Wiki ya tatu andika sala ya sentensi nne, moja ya kushukuru, moja ya toba, moja ya kuombea mgonjwa mnayemfahamu, moja ya kumalizia, uisome kwenye karatasi bila aibu. Ushike daftari gumu, karatasi nyepesi inaonyesha kutetemeka na kukuongezea wasiwasi. Kabla ya kuanza toa pumzi yote nje, kisha vuta moja polepole. Sentensi ya kwanza ndiyo ngumu, kwa hiyo ikariri. Maneno yakipotea katikati, sema "Baba yetu uliye mbinguni", na jumuiya nzima itaendelea pamoja nawe.