Dada, usilipe mpiga chapa bado: kubadilisha majina hakuifanyi riwaya kuwa yako

Dada, simamisha hayo malipo. Umesema hadithi yako ya mashabiki (yaani inayotumia wahusika wa kazi ya mwingine), uliyoijenga juu ya tamthilia ya Kikorea na kuiweka Wattpad, mtandao wa kusomea hadithi, imeshabadilishwa majina, na mpiga chapa wa hapo Nakuru anangoja pesa za nakala 300. Unauliza kuhusu ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, bei ya kuuzia, na kama ufute toleo la zamani. Kinachoniuma ni mstari wako wa mwisho: "Nimeambiwa ukibadilisha asilimia 30 kazi inakuwa yako."

Aliyekuambia hivyo amekupotosha. Hakuna asilimia kama hiyo, si 30 wala 70. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mwenye kazi mamlaka juu ya nakala, tafsiri na marekebisho ya kazi yake, nzima au sehemu yake kubwa, hata katika umbo jipya ambalo msomaji bado anatambua limetoka wapi. Hao wanaojiita makocha wa uandishi wanakusanya ada kwa M-Pesa kwenye magrupu ya WhatsApp, wanarudia uongo huohuo kila msimu, na barua ya wakili ikija haiwafikii wao. Wengine wanaongeza kwamba cheti cha KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kitakukinga. Kusajili kazi hakuondoi kilicho cha mwingine ndani yake.

Na kuna hasara: mwandishi mmoja wa Marekani alichapisha mwendelezo wa The Lord of the Rings, riwaya ya Tolkien, bila ruhusa. Desemba 2023 mahakama iliamuru nakala zote ziharibiwe, na akatakiwa kulipa zaidi ya dola 130,000 za gharama za mawakili.

Najua utanitajia riwaya ya Fifty Shades of Grey. Ni kweli, ilianza kama hadithi ya mashabiki wa Twilight, riwaya ya mapenzi ya msichana na vampaya, ikachapishwa 2011 kwa majina mapya. Lakini hata ilipokuwa hadithi ya mashabiki haikuwa na vampaya. Watu wake walikuwa binadamu wa kawaida wenye kazi na mgogoro tofauti. Mapenzi ya tajiri na msichana wa kawaida hayana mwenyewe. Ndoa ya mkataba na maadui wanaoishia kupendana ni mali ya kila mwandishi. Chenye mwenyewe ni mtu fulani, na jeraha lake, familia yake, na matukio yake kwa mpangilio ule.

Sasa tazama yako. Umeamuru kompyuta igeuze "Jin" kuwa "Otieno", na katika sura uliyobandika hapa "jina" limekuwa "Otienoa" na "jinsi" imekuwa "Otienosi". Hilo linarekebishika kwa kutafuta neno zima na kulinganisha herufi kubwa. Lisilorekebishika hivyo ni Otieno huyo kunywa pombe mbele ya wazee akiwa amegeuza uso pembeni, kama heshima ya Kikorea inavyotaka, huku sura nzima ikidai yuko Kisumu. Mtu yeyote aliyeitazama tamthilia atamtambua hapo hapo.

Chukua karatasi. Kwa kila mhusika andika kazi yake, familia yake, siri yake, anachotaka na anachoogopa. Kata kila kilichotoka kwenye tamthilia. Kilichobaki ndicho chako, na riwaya inaandikwa upya kutoka hapo, kwenye ukurasa mtupu, faili la zamani likiwa limefungwa. Mrithi wa kampuni ya Seoul mfanye mwana wa mwenye matrekta ya kubeba miwa Muhoroni. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza uzito na sukari; trekta likikwama kwenye foleni ya mizani, hasara ni ya mkulima. Msichana wako akiwa binti wa mkulima huyo, chuki yake kwa kijana ina sababu ambayo tamthilia haikuwahi kuwa nayo, na mgogoro wenyewe utakulazimisha kubuni matukio mengine.

Sura tatu za kwanza ndizo zitakazokutesa zaidi. Hadithi ya mashabiki haimtambulishi mtu, kwa sababu msomaji anakuja akiwa ameshampenda. Mpe sura hizo mtu ambaye hajawahi kuitazama tamthilia hiyo; akikuuliza "huyu ni nani, na kwa nini nimhurumie?", bado hujamaliza.

Toleo la zamani usilifute kimyakimya, maana wasomaji wana picha za kurasa zako na wataona unawaficha. Tangaza kwamba unaandika riwaya mpya, na kwenye ukurasa wa shukrani useme ilikoanzia. Umetaja pia msomaji aliyekuandikia mazungumzo ya hospitali, yale yaliyopendwa kuliko yote. Alikupa bure kwa sababu nawe ulikuwa unatoa bure. Mwandikie kabla ya kuweka bei yoyote, umweleze unataka kuuza, mkubaliane kwa maandishi jina lake litakaa wapi na atapata nini. Akikataa, mistari yake itoke yote, na tukio la hospitali uliandike wewe.